Michael Grzimek, Mhesabu wa Pundamilia

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Ndabaka, penye lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti. Sisi tukaao Nyegezi twaijua Serengeti kwa jina tangu utotoni, lakini ni wachache wamjuao kijana aliyekufa katika kazi ya kuwahesabu wanyama wake. Basi nimeona vema niwasimulie habari zake.

Michael Grzimek alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mganga wa wanyama, na baada ya vita akawa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwana alimfuata baba. Mwaka 1956 walitoa filamu juu ya wanyama wa Kongo, nayo ikawapatia fedha nyingi. Walitaka fedha hizo zinunue ardhi ya kuwahifadhi wanyama wa Tanganyika, lakini mkuu wa hifadhi aliwashauri wafanye uchunguzi kwanza. Wakati ule serikali ilikusudia kubadili mipaka ya Serengeti, wala hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika idadi ya wanyama na njia wazipitazo. Mtu asiyezijua njia hizo ataweka mpaka wapi?

Basi wote wawili wakajifunza urubani. Wakapata eropleni ndogo, wakaipaka milia kama pundamilia, na Desemba 1957 wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Serengeti. Januari 1958 wakaruka juu ya mbuga, sehemu baada ya sehemu, wakihesabu. Walipata pundamilia 57,199, nyumbu 99,481, na wanyama wakubwa wote jumla 366,980. Wengine waliwakamata wakawatia alama za rangi, wapate kuwatambua tena. Waliona kwamba makundi huvuka mipaka iliyokusudiwa.

Hesabu hiyo haikuwa kamili, maana mwaka 1961 wengine walihesabu nyumbu zaidi ya 200,000. Hata hivyo waliofuata walipata pa kuanzia.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake. Tumbusi akaligonga bawa la eropleni, ikaanguka, naye akafa. Umri wake ulikuwa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Baba alimaliza kazi waliyoianza pamoja, na filamu yao ya Serengeti ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Yeye alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe.

Tangu mwaka 1962 Mjerumani mwingine, Hans Klingel, aliwachunguza pundamilia wa Ngorongoro mmoja mmoja kwa milia yao, kwani hapana wawili walio sawa. Akagundua kwamba wanaishi kwa familia: dume mmoja, majike wachache na watoto wao. Madume wasio na familia hukaa pamoja kando. Dume akifa au akishindwa na mwingine, majike hawatawanyiki. Kumbe wale 57,199 walioonekana kutoka juu kama nukta walikuwa nyumba na nyumba.

Lakini tusisahau jambo moja. Mwaka huo huo wa 1959, mipaka ilipobadilishwa, Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Hao nao walikuwa na familia zao, na njia zao za kufuata maji na majani. Mimi naona kwamba mwenye kuchora mpaka hana budi kuwahesabu wote, wanyama na watu.

Wenzangu, Michael alikuwa na umri uliotuzidi sisi wa kidato cha nne kwa miaka michache tu. Alitaka kuilinda Serengeti, akakubali kuanza kwa kazi ya kuchosha ya kuhesabu. Siku mtakapopita Ndabaka mkawaona pundamilia, msiseme tu kwamba ni wengi. Tazameni nani anakwenda na nani.