Otto Stern, mbishi aliyejikuta akithibitisha alichokikataa

Mimi fizikia niliiacha kidato cha pili, nikibisha kwamba atomu hakuna aliyewahi kuiona. Baadaye nilipokutana na habari za Otto Stern nilijisikia vibaya, maana naye alikuwa mbishi, ila wa aina nyingine.

Jamaa alizaliwa 1888 Sohrau, wakati huo Ujerumani, leo Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye mashine za kusaga, kazi ambayo sisi wa Binza tunaijua. Akapata udaktari wa falsafa 1912, akaenda Prague kufanya kazi na Albert Einstein.

Mwaka 1913 Niels Bohr akatoa nadharia yake ya atomu. Stern hakuikubali kabisa. Inasimuliwa kwamba yeye na Max von Laue waliapa kuacha fizikia kama mambo hayo ni kweli. Lakini mzee hakuishia kubisha, aliunda mitambo ya kupima! Mwaka 1922, Frankfurt, yeye na Walther Gerlach walipitisha mstari mwembamba wa atomu za fedha kwenye sumaku, ndani ya chombo kisicho na hewa. Kwa fizikia ya zamani ungetanuka tu. Ukagawanyika mara mbili.

Akahamia Hamburg. Kufikia 1930, na Immanuel Estermann, akarusha atomu za heliamu na molekuli za hidrojeni zikagonge fuwele ya jamii ya chumvi. Zingekuwa gololi tupu zisingejipanga. Hizi zilirudi zikiwa nyingi kwenye pembe maalumu, kama mawimbi. Tupa mawe mawili lamboni uone: pengine mawimbi yanaongezana, pengine yanauana.

Mwaka 1933 utawala wa Hitler ukawafukuza wasaidizi wake Wayahudi. Stern, Myahudi pia, akajiuzulu, akaenda Pittsburgh, Marekani. Kikosi kile cha Hamburg kikasambaratika. Alipewa Nobel ya 1943, akafariki 1969 Berkeley, akiwa sinema.

Njia yake haikufa. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, waligonganisha heliamu iliyoongezewa nishati na molekuli za hidrojeni, kwenye baridi kali mno. Kwa nishati fulani tu, zilizungukana kwanza kama mawimbi yaliyonaswa.

Nasi heliamu tunayo, Rukwa, ilitangazwa 2016. Wadogo zangu wa kidato cha pili, bisheni, ila msiiache fizikia kama mimi. Maoni yenu tafadhali.