Mwalimu Aliyeficha Majina ya Washairi

Kila ninaposahihisha insha za fasihi na kukuta darasa zima limekariri maneno yale yale ya mwongozo, humkumbuka Ivor Armstrong Richards.

Richards alizaliwa mwaka 1893 huko Cheshire, Uingereza. Kifua kikuu kilimkatizia masomo, na katika Chuo Kikuu cha Cambridge hakusomea fasihi bali falsafa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akiwaza kwenda Uskoti kuwaongoza wapanda milima, ndipo akapewa nafasi ya kufundisha Kiingereza. Hakuwa na mshahara. Ujira wake ulitokana na ada ya kila aliyeingia kumsikiliza. Wakaingia kwa wingi.

Katika miaka ya 1920 alianza jaribio lililomjengea jina. Aliwagawia wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawapa juma zima wayasome na kuandika maoni yao. Matokeo yalitia haya. Vijana hao, wateule wa nchi yao, waliwabeza John Donne na D. H. Lawrence, wakazisifu tungo hafifu. Wengine hawakufahamu hata maana iliyo wazi. Richards alizichunguza karatasi zao kama tabibu anayetafuta chanzo cha maradhi, akaonyesha jinsi kumbukumbu za binafsi, hisia za kuazima na imani ya msomaji zinavyolifunika shairi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Practical Criticism, kilitoka mwaka 1929, na njia yake ikaenea vyuoni Uingereza na Marekani.

Hata hivyo, simuungi mkono kwa yote. Muyaka wa Mombasa atamwelewaje asiyejua uhasama baina ya Wamazrui na Sayyid Said? Jina na zama zikifichwa, nusu ya shairi huenda nazo.

La ajabu ni kwamba Richards aliuweka kando uhakiki uliompa sifa. Alijitoa kueneza, Uchina na kwingineko, Kiingereza cha maneno 850 kilichobuniwa na rafiki yake C. K. Ogden. Vita vya mwaka 1937 vikavuruga mipango yake ya Uchina, naye mwaka 1939 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard. Wapo wasomi waliomwona amejishusha. Mimi sioni hivyo: asiyeelewa sentensi sahili atalihukumuje shairi?

Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 86, alirudi Uchina kuhadhiri. Akaugua huko, akarejeshwa Cambridge, na mwezi wa Septemba akafariki.