Clair Patterson: Mwanakemia aliyefichua sumu ya petroli katika damu ya binadamu

KIKULACHO ki nguoni mwako, walisema wahenga. Methali hii ilimtimia mwanakemia Clair Patterson kwa namna ya ajabu, kwani sumu aliyopambana nayo kwa muda mrefu wa maisha yake aliikuta nguoni mwake, katika nywele zake na hata katika hewa ya maabara yake.

Patterson alizaliwa Juni 2, 1922 katika mji mdogo wa Mitchellville, jimbo la Iowa nchini Marekani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta aliyesambaza barua vijijini. Alihitimu kutoka Grinnell College mnamo 1943, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia akaajiriwa katika mradi wa siri wa kuunda bomu la atomiki. Huko alijifunza kutumia mashine inayotenganisha atomi kulingana na uzani wake.

Baada ya vita alijiunga na University of Chicago. Mwalimu wake, Harrison Brown, alimkabidhi jukumu la kupima madini ya risasi yaliyomo katika chembechembe za mawe. Uraniamu hugeuka polepole kuwa risasi, hivyo basi anayejua viwango vya madini hayo mawili anaweza kukadiria umri wa jiwe. Hata hivyo, kila alipopima, Patterson alipata risasi nyingi kupita kiasi. Hatimaye alitambua kwamba haikuwa ya jiwe. Ilitoka katika vumbi, maji, vyombo na mwili wake mwenyewe.

Mnamo 1952 alihamia California Institute of Technology, alikojenga maabara safi kuliko nyingi za wakati huo. Hewa ilichujwa, vyombo vikaoshwa kwa asidi, sakafu ikapigwa deki kila mara. Kutokana na usafi huo, aliweza kupima kipande cha kimondo kilichoanguka Canyon Diablo, Arizona, na mwaka wa 1956 akatangaza kwamba umri wa dunia ni takriban miaka bilioni 4.55. Hesabu hiyo ingali inakubalika hadi leo.

Mwingine angetosheka na sifa hizo. Patterson alijiuliza risasi ile yote ilitoka wapi. Alipima bahari, akagundua kwamba maji ya juu yalikuwa na risasi nyingi kuliko yale ya kina kirefu. Alipima barafu ya Greenland, akaona kwamba kiwango kilikuwa kimeongezeka zaidi ya mara 200 tangu enzi za kale. Mshukiwa mkuu alikuwa petroli, ambayo tangu miaka ya 1920 ilitiwa kemikali yenye risasi ili injini za magari zisigonge.

Mwaka wa 1965 alichapisha makala iliyozua tufani. Alikadiria kwamba mwili wa Mmarekani wa kawaida ulikuwa ukifyonza risasi takriban mara 100 zaidi ya kiwango cha kimaumbile.

Dai hilo lilipingwa vikali na Dkt Robert Kehoe, mtaalamu aliyefadhiliwa na sekta hiyo. Kehoe alishikilia kwamba risasi ni sehemu ya kawaida ya mwili, na kwamba mtu hawezi kuugua iwapo damu yake haijafikisha mikrogramu 80 kwa kila desilita. Ushahidi wake ulikuwa watu waliodhaniwa kuwa mbali na viwanda, wakiwemo wanakijiji wa Mexico, ambao pia walikuwa na risasi mwilini. Kumbe wanakijiji hao walipikia na kulia katika vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'arisha yenye risasi! Kwa maneno mengine, Kehoe alikuwa akilinganisha waliochafuliwa na wengine waliochafuliwa. Jambo lililoenea kwa watu wote lilichukuliwa kuwa la kimaumbile.

Patterson alilipia msimamo wake. Alipoteza ufadhili, na mnamo 1971 hakujumuishwa katika jopo la kitaifa lililochunguza risasi hewani, licha ya kuwa mjuzi wa kutajika katika fani hiyo.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Alipima mifupa ya Waperu wa kale, akabaini kwamba ilikuwa na risasi kidogo mno ikilinganishwa na ya watu wa kisasa. Mnamo 1980 yeye na Dorothy Settle walionyesha kwamba samaki aina ya jodari waliopakiwa katika mikebe iliyolehemiwa kwa risasi walikuwa na madini hayo maelfu ya mara kuliko jodari wabichi. Maabara nyingine zilishindwa kuiona tofauti hiyo kwa sababu zenyewe zilikuwa chafu.

Ukweli ulishinda hatimaye. Marekani ilipunguza risasi katika petroli hatua kwa hatua, na kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na 1991, wastani wa risasi katika damu ya raia wake ukashuka kutoka mikrogramu 12.8 hadi 2.8 kwa kila desilita.

Patterson alifariki Desemba 5, 1995 akiwa na umri wa miaka 73, wiki chache kabla ya marufuku kamili kwa magari ya barabarani nchini mwake kuanza. Mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, yaliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Mnamo Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake jijini Nairobi, lilitangaza kwamba haikuwa ikiuzwa tena kwa magari popote duniani.

Vita havijaisha. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipigania haki mahakamani kwa miaka mingi, vipimo vya damu vikiwa sehemu ya ushahidi wao. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto ambaye ubongo wake ungali unakua.