Muyaka bin Haji: Shairi lilikua au liligeuka?

Kila yanapozuka mabishano juu ya ushairi wa Kiswahili, hapa Mombasa na kwingineko, jina la Muyaka bin Haji halikosi kutajwa. Washikao vina na mizani humwita shahidi wao, na watungao bila vina humwita shahidi wao vile vile. Wale wa kwanza husema ndiye aliyelifikisha shairi kwenye ukamilifu. Wa pili husema ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuyaacha ya wazee wake. Mabishano hayo yalipamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, na hata leo hayajapoa.

Mimi naona ugomvi huu unatokana na neno. Twasema shairi limegeuka, chombo kimegeuka, kiumbe kimegeuka, kana kwamba yote ni jambo moja, kisha tunatia neno maendeleo juu yake na kuufunga mjadala. Ndugu msomaji, hebu tuyapitie maisha ya malenga huyu taratibu, maana katika mji wake mageuzi ya kila aina yalikuwa yakitendeka mbele ya macho ya watu.

Muyaka bin Haji, wa ukoo wa Ghassaniy, alizaliwa kisiwani Mombasa yapata mwaka 1776. Wakati huo Wareno walikwisha ondoka zamani, na Ngome waliyoianza mwaka 1593 ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, Waarabu wa Oman ambao katika karne hiyo ya 18 walikata kamba iliyowafunga na watawala wa kwao wakawa wanajiendeshea mambo wenyewe. Wenyeji wa mji walikuwa makundi mawili, Taifa Tatu na Taifa Tisa, na liwali wa Kimazrui aliyetaka kulala usingizi ilimbidi awe na maelewano na makundi yote mawili. Tungo za Muyaka zinatuonyesha mtu aliyeijua bahari na biashara, mara anacho, mara hana, na ambaye hakuona haya kuyatia katika shairi yote mawili.

Alikuta ushairi uliokwisha komaa. Jambo hili watu hulisahau. Utendi wa Tambuka uliandikwa huko Pate mwaka 1728, karibu miaka 50 kabla yeye hajazaliwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliishi zama moja na Muyaka akiwa kijana, na alipoyatazama magofu ya majumba ya Pate alitunga kazi ambayo kwa maoni yangu haijapitwa na shairi lolote la Kiswahili, la Muyaka likiwamo. Tungo hizo zilikuwa za dini, za vita vitakatifu, za mawaidha, na zilikuwa ndefu. Kando yake zilikuwapo nyimbo za gungu, za harusi na za ngoma, ambazo wanavyuoni hawakuona haja ya kuzitilia wino.

Basi Muyaka alifanya nini? Beti ya mistari minne, kila mstari mizani 16 iliyokatwa katikati nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho, hakuivumbua yeye. Aliichukua akaifanya iweze kubeba kila kitu: bei ya bidhaa, mke mkorofi, rafiki mnafiki, jahazi iliyochelewa, liwali aliyetukanwa, kaburi la kesho. Utendi huenda mbele kama msafara, beti baada ya beti, na ukichomoa beti moja ikabaki peke yake haikutoshelezi. Beti ya Muyaka husimama peke yake. Mtu aweza kuisikia barazani asubuhi, akaikariri adhuhuri, na jioni mwingine akaijibu kwa vina vile vile. Wataalamu wengi husema aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Maneno hayo ni mazuri lakini yana walakini, kwani ushairi haukutoka msikitini hata siku moja. Sokoni ulifika, na msikitini ukabaki.

Hapa ndipo tunapoipata maana ya kwanza. Katika sanaa, jipya linapokuja si lazima la zamani life. Miaka 18 baada ya kifo cha Muyaka, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi ambao hadi leo unasomwa. Na hapa hapa Mombasa, vurugu za Al-Akida katika Ngome miaka ya 1870 zilisimuliwa na Abdallah bin Masud Mazrui kwa utenzi, wala si kwa mashairi ya beti za Muyaka, kwa sababu habari ndefu ilihitaji chombo kirefu. Mageuzi aliyoyafanya Muyaka yaliongeza mlango katika nyumba. Hakuna ukuta uliobomolewa.

Nimetaja chombo, nami nataka msomaji ashuke nami hadi bandari ya zamani, chini ya Mji wa Kale, jinsi ilivyokuwa zama zake. Miongoni mwa vyombo vilivyotia nanga hapo ulikuwamo mtepe wa watu wa Lamu na Bajuni. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kilikuwa chombo chenye akili nyingi, maana kikigonga mwamba au kikipandishwa pwani kilinesa badala ya kupasuka. Lakini kilivuja, maji yalikumbwa usiku na mchana, na kamba zake zilitaka kushonwa upya kila baada ya muda. Jahazi za misumari zilichukua mzigo bila usumbufu huo. Taratibu wafanyabiashara waliacha kuagiza mitepe, mafundi waliacha kufundisha watoto wao kuishona, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilisafiri ile ya mwisho mwisho. Utendi uliweza kuishi pamoja na shairi, lakini mtepe haukuweza kuishi pamoja na jahazi, kwa kuwa mwenye mali hawezi kulipia vyombo viwili kufanya kazi moja. Fundi hukusudia, kama malenga akusudiavyo, ila hesabu ya fundi inafungwa na mtu wa tatu mwenye mfuko. Na hata hivyo sijui kama ni haki kusema jahazi ni mtepe ulioendelea. Hata mtu aliyeikimbilia jahazi kwa faida yake, siku aliyokwama mwambani aliukumbuka mtepe.

Turudi kwa Muyaka, maana bahari hiyo ndiyo iliyoleta vita. Mnamo 1812 au 1813 Mombasa na Pate waliungana kuishambulia Lamu, wakapigwa vibaya katika ufuo wa Shela. Lamu ikamkaribisha Seyyid Said wa Oman awe mlinzi wake. Kuanzia hapo malenga wetu alikuwa na kazi. Kulikuwa na majibizano ya mashairi baina ya Mombasa na Lamu, na upande wa pili alisimama Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi wa Lamu, mtu asiyechezewa kwa kalamu. Mashairi yalivuka bahari kama barua za uchokozi. Muyaka aliwatetea Wamazrui, aliwadhihaki maadui zao, na aliwahimiza watu wa Mvita wasilegee.

Mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1823 Mombasa iliupoteza utawala wake juu ya Pemba. Mwaka 1824 Wamazrui, kwa kumkimbia Said, walimwomba Kapteni Owen wa manowari ya Kiingereza Leven awape bendera yake, naye akawapa. Serikali ya London haikuupenda mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Said alikuja mwenyewe mwaka 1828, akaiingia Ngome, askari aliowaacha wakazingirwa na kutolewa. Akashambulia tena, na mwaka 1833 akashindwa kwa mara nyingine.

Inapendeza kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1833, Mwingereza mmoja kijana aitwaye Charles Darwin alikuwa katika merikebu Beagle, pwani za Amerika ya Kusini, akikusanya mifupa, ndege na mawe. Kitabu chake juu ya asili ya viumbe kilitoka mwaka 1859, Muyaka akiwa kaburini miaka 19. Alichosema Darwin ni rahisi kukieleza hapa kwetu bila kwenda mbali. Ukivuka hori ya Tudor utaiona mikoko. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi kama miguu ya buibui, na mbegu yake humea ingali juu ya mama yake, kisha hudondoka kama mkuki topeni. Mchu hutoa vidole vya mizizi juu ya matope ili upate pumzi, na chumvi huitoa kwa majani. Kwa maelezo ya sayansi, hakuna mti uliokaa ukapanga haya. Katika vizazi visivyohesabika, ile iliyozaliwa na tofauti ndogo iliyoifaa katika tope la chumvi ndiyo iliyoacha mbegu nyingi, na mingine haikuacha. Hapana kukusudia, na wala hapana ngazi ya kupanda. Mchu si mkoko ulioendelea. Kila mmoja umekaa panapoufaa. (Watu ndio waliokuja baadaye na makusudio yao: wakaikata boriti, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale vikawa vyembamba hivyo tuvionavyo.)

Hiyo ndiyo maana ya tatu, nayo yahusiana na Muyaka kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliipata Mombasa kwa sababu Wamazrui walikuwa wamegombana wao kwa wao na Taifa Tatu wakaelekea upande wake. Wakuu wa Kimazrui walikamatwa kwa hila, wakapelekwa hadi Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Muyaka, mzee wa miaka 60 na kitu, aliyaona yote yale aliyoyapigania kwa maneno yakiporomoka. Alifariki yapata mwaka 1840.

Hakuacha diwani. Hakukuwa na kiwanda cha chapa, na mashairi yake yalibaki katika vichwa vya watu na katika vikaratasi vya hati ya Kiarabu. Kwa miaka 40 na zaidi yalipita katika chujio ambalo hakuna aliyelikusudia. Lililopendeza harusini au lililokata katika ugomvi lilikaririwa. Lililohusu kisa cha mtaa ambacho wahusika wake wamekufa lilififia, au likabaki likiwa fumbo bila jawabu. Tusidhani basi kwamba tuliyo nayo ndiyo mazuri yake yote. Ni yale yaliyofaa kukumbukwa.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyezunguka akikusanya, akiuliza wazee, akiandika na kueleza. Alimpa mwanafunzi wake, mmisionari W. E. Taylor, ambaye alizichukua karatasi hizo zikafika London. William Hichens alizitengeneza kwa hati ya Kirumi, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kufa. Mohamed Hassan Abdulaziz, mtoto wa Mombasa, aliyafanyia uchunguzi mpya katika kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1979. Jina la Hichens hutajwa sana. La Mwalimu Sikujua hutajwa kidogo, na hilo huniuma.

Limebaki jambo la lugha. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika sarufi na kamusi yake kwa kuisikiliza lahaja hii, na ingedhaniwa kwamba ndiyo itakayotawala. Lakini mwaka 1928 mkutano ulikaa, tena hapa hapa Mombasa, ukaamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kiwe cha Unguja. Huo ulikuwa uamuzi wa watu mezani, kama wa mwenye mali aliyeichagua jahazi. Baada yake wapo waliosomeshwa kwamba Kimvita ni Kiswahili kilichokosewa, na kwamba mtu asemaye ndia hajafika kwenye njia. Lahaja hizi mbili ni ndugu, watoto wa mama mmoja, kama mchu na mkoko walivyo majirani. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Barabara ya Ndia Kuu, inayoanzia karibu na Ngome, hadi leo haijabadilishiwa herufi.

Tena Kimvita hakikwenda njia ya mtepe. Ahmad Nassir bin Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi chake cha siasa, alitunga gerezani kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, mengi yakiwa kwa vina na mizani alivyovikuta Muyaka, na kwa lahaja ile ile ya Mvita.