Jaji Marcel Lihau: alitoshwa kazini, akakimbia inchi, akarudi



Sisi tuliorudi, kitu cha kwanza tunatafuta ni mtu wa kutusikiliza. Hapa Musonoi wengi wanajua mambo ya parsele vile inaendaka: mwenye nguvu anasema, karatasi inanyamaza. Ndiyo maana safari hii tunaeleza maisha ya jaji mkubwa wa inchi yetu, ambaye yeye pia alikimbia na akarudi.

Marcel Lihau alizaliwa mwaka wa 1931. Wakati wa Wabeleji, Wakongo waliosoma sheria kwenye chuo kikuu walihesabika kwa vidole. Yeye alisaidiwa na mapadri Wajezuiti, akaenda kusoma Louvain, kule Ubeleji. Mwanzoni mwa 1960 wanasiasa wetu walifika Bruxelles kuzungumzia uhuru. Lihau, angali mwanafunzi, aliwahimiza wasimame pamoja.

Mwaka wa 1963 alikuwa mkuu wa fakilte ya sheria Lovanium. Mwaka uliofuata alisaidia kuandika Katiba ya Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Ile katiba iliyapa majimbo uwezo mwingi, na raia waliipigia kura. Haikudumu. Mobutu alikamata utawala mwezi wa Novemba 1965, akamwambia Lihau atayarishe ingine. Akaitayarisha. Katiba ya 1967 iliweka nguvu nyingi mikononi mwa prezidenti. Hilo hatulifichi, ni sehemu ya maisha yake.

Mwaka wa 1968 Lihau alifanywa prezidenti wa kwanza wa Korti Kuu ya inchi. Kwa miaka saba alitetea kwamba majaji wasipokee amri kutoka kwa wanasiasa. Mwaka wa 1975 ikafika siku ya kupimwa: wanafunzi walikuwa wameandamana, serikali ikataka wapewe azabu kali. Lihau alikataa. Mobutu akamtosha kazini mara moja.

Kisha akaingia UDPS, chama cha upinzani, akawa prezidenti wake. Alifungwa, akahamishwa kwa nguvu ndani ya inchi yake mwenyewe. Mwaka wa 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba Harvard. Mwaka wa 1990, wakati mulango wa vyama vingi ulifunguliwa, alirudi Congo kuzungumzia mabadiliko. Baadaye akaenda tena Marekani juu ya matibabu, akafia kule mwezi wa Aprili 1999.

Lihau aliandika katiba mbili, lakini hakuna hata moja iliyomlinda siku alipokataa. Sheria kwenye karatasi haitoshi. Inahitaji jaji anayeweza kusema hapana, na kesho yake angali na kazi. Inahitaji pia raia wanaofika tribinali na karatasi zao, wasiogope.

Kwa hiyo, papa na mama mwenye kesi ya parsele: tusingojee mpaka siku ya hukumu. Leta karatasi zako kwenye komite, hata kama ni fotokopi, tuzisome pamoja. Na ninyi wafadhili, msaada wenu wa kulipia avoka unaingia hapo hapo.