Dk Alzheimer na mzee wako anayesahau

Mwezi uliopita mama mmoja wa Maretadu, wilayani Mbulu, aliniuliza swali ambalo huenda na wewe unalo. Baba mkwe wake amekuwa msahaulifu, na usiku hutoka kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa miaka mingi iliyopita. Baridi ya huko unaijua. Siku moja alikutwa alfajiri kando ya korongo, anatetemeka. Tangu hapo familia humfungia chumbani kwa kufuli. Mama huyu alitaka kujua kama wanakosea. Kabla ya kumjibu, nikusimulie maisha ya daktari ambaye ugonjwa huu umepewa jina lake.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, kusini mwa Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Enzi hizo mgonjwa msumbufu alifungwa au kutengwa peke yake. Alzheimer, mkuu wake Emil Sioli na mwenzao Franz Nissl walijitahidi kuiacha desturi hiyo. Wagonjwa waliogeshwa maji ya uvuguvugu ili watulie, wakatembea bustanini, na madaktari wakakaa nao kuzungumza.

Mwaka 1894 alimwoa Cecilie, mama mjane, wakajaliwa watoto watatu. Cecilie alifariki mwaka 1901. Novemba mwaka huo huo, akiwa bado na msiba moyoni, alimpokea mgonjwa aitwaye Auguste Deter, mwenye miaka 51. Mumewe, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameelemewa: mkewe alificha vitu, alimshuku bila sababu na alishindwa hata kupika.

Daktari alikaa naye siku baada ya siku, akiandika kila alichokiona. Akionyeshwa kalamu au ufunguo, Auguste alivitaja sawasawa. Vikiondolewa mbele yake, muda mfupi baadaye hakukumbuka kama aliviona. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1903 Alzheimer alihamia Heidelberg, kisha Munich, lakini hakuacha kufuatilia hali ya Auguste. Alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulitumwa kwake. Aliona umesinyaa, na kwa darubini akaona umejaa utando wa ajabu na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Novemba aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, na hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 profesa wake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 19, 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule wa Auguste siku alipolazwa. Alizikwa Frankfurt, kando ya Cecilie.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 wana demensia, na Alzheimer ni mojawapo ya aina zake. Si uchawi, wala si laana ya ukoo.

Sasa jibu. Mama, hofu yako ni ya haki, lakini kufuli si salama: moto ukitokea, mzee hawezi kutoka. Badilisha nyumba badala ya kumfunga mtu. Kumbuka kalamu ya Auguste: anachokiona anakitambua, kilichofichwa kimepotea. Kifaa saidizi kizuri huanzia hapo.

Funga kengele ya ng'ombe mlangoni, ili akitoka mtu aamke. Acha taa ndogo ya sola ikiwaka njia ya chooni, na mlango wa choo upake rangi inayoonekana. Weka kikombe, fimbo na koti lake mahali pa wazi, pale pale kila siku. Dawa zipangwe kwenye kisanduku chenye sehemu ya asubuhi na ya jioni, na mtu mmoja azisimamie. Zungushia jiko la mafiga uzio, funika kisima. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe ndani ya koti. Tumia picha zaidi ya maandishi, na uongee naye Kiiraqw: lugha ya utotoni mara nyingi hubaki wakati Kiswahili kinapotoweka.

Mshirikishe mwenyewe. Kifaa asichokipenda atakivua au kukitupa. Na mchana atembezwe hadi malishoni. Mtu aliyechoka vizuri hulala vizuri.

Mwisho, mpeleke hospitali. Usahaulifu mwingine unatibika, kwa mfano unaotokana na sonona, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje: inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo.

Mama wa Maretadu, ondoa kufuli, lakini kengele itangulie.