OMUKAMA RUGOMORA MAHE NA CHUMA CHA KATURUKA

Nataka kuwasimulia habari za mfalme mmoja wa Wahaya, Omukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17. Huenda mtauliza, sisi watu wa Kasese na Bwera tuna nini na mfalme wa upande wa Bukoba? Ngojeni kidogo, mwisho mtaona.

Rugomora Mahe alikuwa wa ukoo wa Wahinda, ukoo uleule uliotawala Nkore, jirani zetu. Makao yake aliyajenga Katuruka, kijiji kilicho magharibi ya Ziwa Victoria. Hapo palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme huyu alitamani kujua mbinguni kuna nini. Basi akawaita wahunzi, akawaamuru wafue chuma na kujenga mnara wa kufika juu. Mnara ukapanda, ukapanda, hata mwisho ukaanguka.

Mimi nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilicheka. Lakini yuko mtu aliyeisikiliza bila kucheka. Kati ya 1969 na 1970 mtaalamu Mmarekani, Peter Schmidt, alikaa na wazee wa Katuruka, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta mavi ya chuma na makaa yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Maana yake, chuma kilifanyiwa kazi pale karne nyingi kabla Rugomora Mahe hajazaliwa. Yeye alikuja akajenga juu ya mahali palipokwisha kuheshimiwa, na sifa ya wahunzi wa kale ikashikamana na jina lake. Mnara hatuwezi kuuthibitisha. Lakini chuma wazee walikisema kweli.

Tena kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Wazee wa Kihaya waliokuwa wahunzi zamani walijenga tanuri upya katika miaka ya 1970 ili ionekane. Walijaza shimo la tanuri majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakapanga mabomba ya udongo yaingie ndani sana, wakavuta mivukuto. Hewa ilipata joto ndani ya mabomba kabla ya kufika motoni, na moto ukawa mkali ajabu.

Baadaye likaja pigo. Ukimwi uliua watu wengi wa Bukoba, na wazee waliojua habari za mfalme wakapungua mmoja mmoja. Wanakijiji wakaona kwamba wakikawia, hapatakuwa na wa kuuliza. Basi kuanzia 2008 walishika kazi wenyewe: wakakusanya masimulizi yaliyobaki, wakajenga upya nyumba ya kifalme ya msonge, wakapasafisha mahali pale. Wageni wakaanza kupokewa, wakatembezwa na kuelezwa.

Sasa narudi kwetu. Babu yangu alichimba shaba Kilembe, mgodi uliofanya kazi tangu 1956 hata 1982. Reli ilifika Kasese mwaka ule ule wa 1956, na shaba ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa. Babu alifanya kazi na watu wa makabila mengi, na Kiswahili hiki ninachoandika kiliingia nyumbani kwetu kwa kinywa chake. Nilipokuwa mdogo alipenda kutuhadithia habari za chini ya ardhi, nami nilikuwa nakimbilia mpira. Amekwisha kufa. Sijui hata alishuka shimo gani.

Rugomora Mahe hakuacha maandishi, wala mnara wake haupo, lakini jina lake liko hai kwa sababu walikuwapo watoto waliokaa chini wakasikiliza. Ndugu zangu wanafunzi, likizo inakaribia. Mwenye babu aliyechimba Kilembe, au bibi aliyeuza chakula kwa wachimbaji, achukue daftari na kalamu, akamwulize.